Mzee Hukwe na Sanduku Linalovuma

Mitihani ya muhula ilipoisha nilirudi nyumbani Mlali na begi la nguo, pasi ya kuchomelea risasi niliyoazima kwa fundi simu mmoja, na mfuko uliojaa matumbo ya redio mbovu. Naisema Mlali ya Kongwa, Dodoma, siyo ile ya karibu na Mzumbe. Kila nikitaja kwetu, wenzangu wa Morogoro hudhani tumetoka kijiji kimoja. Mpango wangu wa likizo ulikuwa mmoja tu: kutengeneza pedali ya gitaa kwa mikono yangu. Nimerudi chuoni na pedali inayofanya kazi nusu, pamoja na habari za mzee mmoja aliyefariki kabla sijazaliwa. Makala hii ni ya mzee huyo, Hukwe Zawose. Ya pedali nitayasema kwa sababu ndiyo yaliyonifikisha kwake.

Kwa asiyepiga gitaa: pedali ni kisanduku kinachokaa sakafuni. Waya wa gitaa unaingia upande mmoja, sauti inatoka upande wa pili imebadilika, na mpigaji anakiwasha na kukizima kwa mguu. Ziko pedali za kukwaruza sauti, ziko za mwangwi, na ziko hizi ambazo mimi ndizo zinanimaliza, za modulesheni, yaani zinazoifanya noti isitulie. Unapiga noti moja, nayo inapanda na kushuka, inazunguka, kama inapigwa ndani ya maji. Ya zamani inayosifiwa sana katika ukoo huo ni Uni-Vibe, iliyobuniwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1960 na mhandisi Fumio Mieda wa kampuni ya Shin-ei. Jimi Hendrix alipanda nayo jukwaani Woodstock mwaka 1969. Ukiifungua ndani hukuti maajabu. Kuna balbu moja ndogo inayowaka na kufifia, na kuizunguka kuna rezista nne zinazohisi mwanga. Mwanga ukibadilika, sauti inacheleweshwa kidogo, mara zaidi, mara pungufu. Ile iliyocheleweshwa inakutana na ile ya asili, zinapishana, na sikio linasikia kitu kinachozunguka.

Pedali mpya ya aina hiyo ingemeza bumu langu na bado ingedai. Nikasema nitaunda yangu, kwenye kopo la biskuti.

Usiku wa tatu, meza ya bibi ikiwa tayari na alama mbili za kuungua, kitu changu kilikuwa kinatoa mlio kama mbu na si zaidi. Bibi akauliza hasa natafuta nini. Nikamweleza kwa shida kwamba nataka noti ikishapigwa isikae peke yake, iwe na kitu kinachovuma juu yake. Akanyamaza kidogo, kisha akaonyesha ukutani, kwenye ilimba ya marehemu babu iliyoning'inia kwenye msumari tangu nikiwa mdogo. Akasema hicho ninachokitafuta babu alikuwa akikitengeneza bila umeme, na kwamba ile ya Hukwe ilikuwa na mvumo huohuo, ila kubwa zaidi. Nikamuuliza Hukwe gani. Hapo ndipo bibi aliponitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Mjukuu wake yuko chuo kikuu, anasomea ualimu, anajua idadi ya rezista ndani ya pedali ya Mmarekani, lakini Hukwe hamjui.

Nikajua ni lazima nimtafute.

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 katika vijiji vya Dodoma, kwenye nchi ya Wagogo, wakati bado tuko Tanganyika chini ya Waingereza. Kama watoto wengi wa kiume wa Ugogo wa wakati ule, alikulia nyuma ya ng'ombe. Kwa asiyeijua nchi yetu, hebu fikiria uwanda mkavu, miiba na mibuyu, mvua ya msimu mmoja tu kwa mwaka, na mifugo inayotembea mbali kutafuta maji. Mchungaji ana saa nyingi na hana wa kuzungumza naye. Anaimba. Anapiga filimbi. Anachonga. Muziki ulikuwa wa ukoo. Alijifunza kwa kukaa karibu na wakubwa waliokuwa wakipiga, akiiba kwa macho, kama tunavyosema.

Na vyombo vyenyewe havikununuliwa. Hili ndilo lililonigusa mimi mwenye kopo la biskuti. Mpigaji wa Kigogo wa zamani alikuwa kwanza fundi. Zeze unalichonga, unatafuta uzi, unakunja upinde. Ndono ni upinde wenye kibuyu. Unagonga uzi huku kibuyu ukikisogeza na kukitoa kifuani, na sauti inafunguka na kufunga, inasema kama mdomo. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu, maana kuna pedali nzima inauzwa duniani kwa ajili ya kufanya kitu kinachofanana na hicho kwa kukanyaga. Halafu kuna ilimba, ambayo kwa Kiswahili tunaiita tu marimba ya mkono. Ni sanduku la mti lenye uwazi ndani, na juu yake zimebanwa ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Ulimi mrefu unatoa sauti nene, mfupi unatoa nyembamba. Ukitaka kuurekebisha unauvuta au kuusukuma kidogo chini ya kibano. Si ndimi zote zinazopigwa. Nyingine zipo zinasubiri; jirani yake akipigwa, nazo zinaitikia zenyewe bila kuguswa.

Na sandukuni kuna tundu. Juu ya tundu kunabandikwa utando mweupe, ule mfuko ambao buibui anafichia mayai yake. Sanduku likitetemeka, utando unatetemeka nao, na kila noti inatoka na nyuki juu yake. Mgeni akisikia kwa mara ya kwanza hudhani chombo kimepasuka. Hakijapasuka. Huo mvumo umewekwa pale kwa makusudi, na mpigaji atabadilisha utando mara tatu mpaka apate ule unaovuma anavyotaka.

Jambo jingine la Ugogo ambalo linamgusa mpiga gitaa: noti zetu haziko zote kwenye gitaa. Uimbaji wa Kigogo unafuata sauti za asili ambazo uzi mmoja unazitoa ukigongwa, zile zinazojificha ndani ya noti nene. Moja ya hizo, ya saba kwa kuhesabu, ukiitafuta kwenye shingo ya gitaa unakuta iko kati ya chuma na chuma. Unaweza kuvuta uzi ukaikaribia. Wazee wanaipata kwa koo tu, tena watu wengi kwa pamoja, kila mmoja na sauti yake, bila mtu wa kuwapa noti ya kuanzia.

Kijana huyo wa ng'ombe angeweza kubaki huko. Wapigaji hodari walikuwa wengi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine zake za kurekodi na akarekodi Wagogo, kwa hiyo tunajua kwamba Hukwe hakuwa peke yake. Kilichombadilishia njia ni siasa. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere akiwa ameshaapishwa kuwa Rais, alilieleza Bunge kwamba ameunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na akalaumu hali ya wasomi kuona fahari kucheza ngoma za Ulaya huku za kwao hawazijui. Baadaye likaundwa kundi la taifa la ngoma. Watu wakaitwa kutoka mikoani. Katika miaka hiyo ya 1960 Nyerere alimsikia Hukwe, akamwalika aje kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam.

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo. Sisi tunaosoma ualimu tunajua jinsi mtu anavyopata ajira ya kufundisha: cheti, namba ya mtihani, usaili. Huyu aliitwa na Rais wa nchi kwa sababu ya vidole gumba viwili na koo. Na koo lenyewe lilikuwa la ajabu: ukisikiliza rekodi zake unasikia mngurumo wa chini kabisa, kama ng'ombe dume, halafu katika wimbo huohuo anaruka juu kwenye sauti nyembamba ya kike, na hujui alipita wapi.

Kundi la taifa lilipofikia mwisho wake, kazi ile ilihamia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Hukwe akawa mwalimu pale. Mtu wa uwanda mkavu akahamia pwani ya minazi, na huko ndiko familia yake ilikoweka makao. Nimewaza sana juu ya darasa lake. Somo la mbinu za kufundishia linatutaka tuandike andalio la somo, malengo mahususi, zana, tathmini. Sina shaka vina faida yake. Lakini ilimba haifundishwi hivyo. Mwanafunzi anakaa karibu na mwalimu, magoti kwa magoti, anatazama vidole, anakosea, anarudia, na siku moja vidole vyake vinaanza kwenda vyenyewe. Ndivyo Hukwe alivyofundishwa. Tofauti ni kwamba Bagamoyo waliokaa mbele yake walitoka kila pembe ya Tanzania: Wamakonde, Wasukuma, Wazaramo, wageni kutoka ng'ambo. Kitu cha ukoo mmoja kikawa somo la chuo. Kuna kinachopatikana hapo, na kuna kinachopotea. Mwanafunzi wa chuo anajifunza wimbo wa jando bila jando.

Mwaka 1985 santuri iliyoitwa Tanzania Yetu ilitoka Uingereza, ikiwa na Hukwe na wenzake waliojulikana huko kama wanamuziki mahiri wa Tanzania, na jina lake likaanza kutembea. Wajapani nao wakamrekodi. Alipanda majukwaa ya WOMAD, tamasha lililoanzishwa na Peter Gabriel na wenzake mwaka 1982, na kampuni ya Gabriel, Real World, ndiyo iliyotoa albamu yake ya Chibite mwaka 1996. Kwa wasiojua Kigogo, chibite ni twende. Safari nyingi alikuwa pamoja na Charles Zawose, mpwa wake, na ukiwasikiliza wawili hao, ilimba mbili zikijibizana, huwezi kuhesabu ni watu wangapi wanapiga.

Kwenye vimbweta nimebishana na watu juu ya safari hizo. Mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu anasema Hukwe alikuwa mtu wa maonyesho tu, anavaa manyoya na shanga ili wazungu wapige picha, na kwamba muziki wa aina ile umekufa, ndiyo maana hatuusikii kwenye bodaboda wala daladala. Sehemu ya maneno hayo nayakubali. Rekodi zake nyingi zilitolewa Ulaya na zilinunuliwa Ulaya. Huku kwetu mtu anayetaka kumsikia alihitaji redio ya taifa imkumbuke, na leo anahitaji bando. Bibi alimsikia redioni. Mimi nimemsikia kwenye simu, kwa kampuni ya Uingereza, nikiwa kilomita chache kutoka nchi aliyozaliwa. Kuna kitu hakijakaa sawa hapo, na siyo kosa la Hukwe.

Ila hilo la maonyesho silikubali. Mtu wa maonyesho hukiacha kitu kama alivyokikuta ili kionekane cha kale. Hukwe hakuwa hivyo. Zipo picha na video zake akiwa na ilimba kubwa kama sanduku la nguo, yenye makumi ya ndimi zilizopangwa safu juu ya safu. Siyo ile ndogo ambayo mchungaji anatembea nayo porini. Alikipanua chombo. Alifanya kile ambacho fundi yeyote mwenye akili angefanya akipata muda, mbao nzuri na jukwaa kubwa. Tungemwita mbunifu kama angekuwa na shahada ya uhandisi.

Na jambo lililonifanya niandike makala hii ni la mwisho wa maisha yake. Mwaka 2002 ilitoka albamu ya Assembly, ya Hukwe Zawose pamoja na Michael Brook. Brook ni mpiga gitaa wa Kanada, na ni mtu wa risasi na waya kama mimi, ila yeye anajua anachofanya. Katika miaka ya 1980 alijitengenezea gitaa ambalo noti yake haifi. Kwa kawaida ukipiga uzi wa gitaa, sauti inaanza kufa papo hapo. Yeye aliichukua sauti ya uzi kwa sumaku, akaikuza, akairudisha kwenye sumaku nyingine iliyo karibu na uzi, ikausukuma tena uzi uendelee kutetemeka. Mduara haukatiki, noti inakaa mpaka uizuie mwenyewe. Akaliita gitaa lisilo na mwisho. Moja alilolitengeneza lilimfikia mpiga gitaa wa U2, The Edge, na ndilo linalolia katika wimbo wao With or Without You wa mwaka 1987.

Sasa fikiria hao wawili. Mmoja amekaa mezani na waya akitafuta noti isiyokufa. Mwingine alikuwa nayo tangu utotoni, kwa sababu zeze ndivyo lilivyo: upinde ukiwa juu ya uzi, sauti inaendelea kadiri mkono unavyoendelea. Mmoja anatafuta jinsi ya kuongeza rangi juu ya noti kwa saketi. Mwingine anabandua utando wa buibui. Katika Assembly, magitaa na vyombo vya umeme vya Brook vinazunguka sauti na ilimba ya Hukwe, na mimi nimeisikiliza kwa simu ya masikioni usiku mzima kule Mlali. Nitasema ukweli wangu: kuna sehemu umeme ni mwingi kuliko unavyohitajika, ukitaka Ugogo mtupu nenda kwenye Chibite. Lakini kuna sehemu ambapo sikuweza kutenganisha kipi ni utando na kipi ni umeme. Nilirudisha nyuma mara nne, mara tano. Ndipo nikaelewa kwamba bibi hakuwa ananitania.

Hukwe alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Charles hakukaa muda mrefu baada yake. Kwa familia ambayo muziki wake ulipitishwa kwa kukaa magoti kwa magoti, pigo hilo lilikuwa sawa na chuo kuungua pamoja na maktaba yake. Haikuisha, lakini. Mwanawe Msafiri alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017, na humo ilimba na sauti za mashine zinakaa nyumba moja bila kugombana. Halafu mwaka 2024 wakaja Zawose Queens: Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, na albamu yao Maisha. Hao walikuwa wameimba nyuma ya wanaume kwa miaka. Kwetu wanawake wana ngoma zao za muheme, wanazipiga wakiwa wamezibana kwa mapaja, na hakuna anayebisha. Lakini kukaa mbele na ilimba au zeze ilikuwa habari nyingine. Mimi ni mtoto wa kike niliyechoma meza ya bibi kwa risasi, kwa hiyo hapo sijifanyi kutokuwa na upande.

Turudi kwenye kopo la biskuti.

Mbu wangu alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ya kijinga, waya wa ardhi ulikuwa umeachia. Ya pili ndiyo yenye somo. Nilitumia taa ya LED kutoka kwenye tochi, kwa sababu tochi zote za siku hizi ni za LED. LED inawaka paa, inazima paa. Sauti ikawa inakatwakatwa kama na panga. Zile pedali za zamani zilitumia balbu ya waya, ambayo inachelewa kupata joto na inachelewa kupoa, na kuchelewa huko ndiko kunakoifanya sauti izunguke badala ya kuruka. Nikaanza kuitafuta balbu ya waya kijijini kama mganga atafutavyo mzizi. Niliipata kwenye taa ya nyuma ya baiskeli ya zamani ya babu, ile ya dainamo. Rezista za mwanga nilikuwa nazo, nilizinyofoa kwenye taa za nje zilizokufa, zile zinazojiwasha giza likiingia. Nikaizungushia balbu hizo rezista nne, nikafunika na kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikawasha. Ikazunguka. Haikuwa kama ya Hendrix, na inaunguruma vibaya ukiongeza sauti, lakini ilizunguka, na bibi akatoka jikoni kuja kuona.

Akaishusha ilimba.

Tundu lake lilikuwa wazi, utando ulishakauka na kudondoka miaka mingi. Bibi akasogeza kabati, akachungulia nyuma yake, akabandua kwa ukucha kile kidoa cheupe ambacho mimi huwa nakifuta kwa ufagio kila nikifanya usafi. Akakibandika juu ya tundu kwa nta. Haikuchukua hata dakika tano. Mimi nilikuwa nimetumia siku tisa. Ndimi mbili zilikuwa zimelegea na moja haipo kabisa, na bibi hajui kupiga, alikuwa mtu wa muheme, lakini alipoigusa tu ule mvumo ulijaa chumba. Baba mdogo aliyekuwa nje anaongea na simu alinyamaza.

Inabidi niseme kuhusu baba mdogo. Kuna mtu anayepita vijijini kununua vitu vya kale, viti vya wazee, vibuyu, mikuki, na alikuwa amempa bei ya ilimba ile. Siyo bei ya kudharau; ingelipa mbegu na bado ikabaki. Baba mdogo simlaumu. Chombo kisicholia ni ubao wenye kutu, na watoto wake wanakula. Jioni ile aliingia, akaipokea, akajaribu kwa vidole gumba kitu ambacho nadhani babu alikuwa akikipiga, akakosea, akarudia. Alikaa nayo mpaka chakula kikapoa. Mimi nilichomeka gitaa kwenye kopo langu nikajaribu kumfuata, na hapo ndipo nilipoipata ile noti iliyo kati ya chuma na chuma, au tuseme niliikosa, kwa sababu yeye alikuwa nayo na mimi sikuwa nayo.

Muhula ujao tunakwenda mafunzo ya ualimu kwa vitendo. Nitapewa Kiswahili na Historia, darasa la watoto wengi pengine, madawati machache. Nimeandika kwenye daftari langu kipindi kimoja ambacho hakiko kwenye muhtasari wa somo, cha Historia, juu ya Hukwe Zawose, na zana za kufundishia nimeandika: ilimba moja, simu moja, buibui. Sijui mkufunzi wa kunikagua atasema nini siku hiyo.

Namba ya yule mnunuzi bado iko kwenye simu ya baba mdogo, nimeiona. Ilimba nayo bado iko ukutani. Asubuhi ya kuondoka, basi likipiga honi barabarani, bibi alinirudisha ndani nibandue utando mwingine nyuma ya kabati nauweke kwenye kiberiti, uwe wa akiba, kwa kuwa huu wa sasa hautavuka kiangazi.